Barabara ni Pamoja na Kalavati

Singida, Alhamisi, mwezi wa Machi

Miaka yote hii ya ukalimani mahakamani, sijawahi kujionea aibu kama leo.

Mzee Mkumbo wa Ulemo alishtakiwa kuharibu barabara. Aliziba kwa mawe kalavati lililopitisha maji chini ya barabara, kwa kuwa maji yake yalikuwa yakimwagikia nyumbani kwake, na mwezi uliopita ukuta uliolowa ulimwangukia mkewe akafa.

"Mwanangu, barabara sikuigusa," aliniambia kwa Kinyiramba. "Nilizuia maji tu."

Bwana Shauri, mtawala Mzungu aliyeketi kama hakimu, akafungua kitabu cha sheria, akasoma. Barabara ni pamoja na mtaro, kalavati, daraja na tuta. Nikamtafsiria mzee yote. Miezi mitatu jela.

Akauliza, "Na nyumba yangu, kitabu kinaiitaje?"

"Anasema nini?" Bwana Shauri akaniuliza kwa Kiswahili chake.

"Anashukuru, Bwana."

Njiani nilijiambia kwamba nilihofia asije akaongezewa kifungo. Si kweli. Niliogopea kazi yangu.

Na mzee Kiswahili kidogo anakisikia. Alinitazama mpaka askari walipomtoa.