Kibali Nilichokipiga Chapa

Mjomba Akbar,

Nakuomba haya yabaki kwako. Hata Bibi akikuuliza huko mliko, usimwambie, atanionea aibu. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja kwa sababu mwenye nyumba wangu hupekua karatasi zangu, naye anasoma Kigujarati na Kiingereza tu.

Nimechoka, Mjomba. Tangu tukuzike, kwenye cherehani yako anakaa Rehema, msichana kiziwi aliyekuja kutoka Kampala. Hakuna anayemshinda kushona makoti hapa Hayes. Jana bwana mkubwa wa kiwanda aliniambia nimwandikie kibali kama chako, alipwe chini ya kima cha sheria kwa kuwa ni mlemavu. Mkaguzi anakuja Jumatatu kumpima kasi ya kushona.

Nikaikumbuka siku uliyopimwa wewe. Mkaguzi alisimama nyuma yako na saa mkononi, mimi nikitafsiri. Kila alipokusogelea uliacha kushona, ukashika gongo lako, ukainuka kumwamkia kama mgeni aliyeingia barazani. Mara nne! Akaandika kwamba mguu wako unakuchelewesha. Nilijua si mguu, ni adabu. Nilijua, nikanyamaza. Tulikuwa na miezi miwili tu katika nchi hii ya Wazungu, na niliogopa kazi itanitoka. Kisha kibali chenyewe nikakipiga chapa mimi, kwa vidole hivi.

Nawe ukanicheka: "Nasrin, karani wangu, mbona umepauka? Umeshakuwa Mzungu?"

Miaka mitatu ukashona makoti yale yale waliyoshona wenzako, kwa ujira pungufu. Hukuniuliza kitu. Sijui kama ulijua. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote.

Nisamehe. Leo nimeandika kila kitu, habari ya siku ile na kazi ya Rehema, nikatia sahihi. Jumatatu nitampa mkaguzi, bwana mkubwa akiwepo. Nakala nitawapa watu wa chama cha wafanyakazi, wanaotaka vibali hivi vifutwe kabisa, kwa kila mtu.

Kwaheri, Mjomba. Mungu akupumzishe. Nakuahidi kibali cha Rehema sitakipiga chapa.

Wakinifukuza, usinitafute Hayes. Nitakuwa Ilford kwa Shangazi Zubeda, juu ya duka la vitambaa. Ukitaka kunijia ndotoni, panda ngazi za nyuma, mlango wa kushoto. Mchana nitakuwa nazunguka kutafuta kazi, jioni nipo.