Naima na Vizibo vya Mwalimu Tupokigwe

Kiwalani,
Dar es Salaam.
19 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Mwanabaraka,

Assalaam alaykum. Mgongo unaendeleaje? Na huyo bosi wako wa Maskati, siku hizi anakuacha upumzike japo Ijumaa? Sie huku wazima, alhamdulillahi, mafua tu ya watoto. Nimeamua kuandika kwa sababu tukipiga simu mwanao Naima hujibanza karibu yangu na kusikiliza kila neno, na haya yanamhusu yeye. Abdulrahman wa nyumba ya pili anasafiri kuja huko, atakuletea.

Uliniambia niiangalie hiyo shule ya awali, nisiporidhika nimhamishe mwanao. Mie sikuiamini tangu mwanzo. Daftari jeupe! Watoto wa shule nyingine wanajaza kurasa za moja, mbili, tatu. Wako anarudi na mbegu za ubuyu mfukoni, na vizibo vya bia. Vya bia, Mwanabaraka! Namuuliza mmefanya nini leo, ananijibu, "Tumecheza." Kesho yake hivyo hivyo. Nikawaza mengi. Wanatumwa baa kuokota? Au wanafundishwa kamari?

Jumatano nikaenda bila taarifa, nikachungulia kwenye uwazi wa mabati. Watoto wamechuchumaa, Mwalimu Tupokigwe yuko katikati anamwaga mbegu chini, nao wanapiga kelele, "Nne! Tano!" Nikasema kamari si ndiyo hii. Nikaingia.

Hakushtuka, na hilo nalo likanitia shaka.

"Vizibo naviomba baa, mama, navichemsha kwa sabuni," akasema. "Mtoto akivishika ndiyo anaijua tano. Kutaja hadi mia bila kushika kitu ni wimbo tu."

Maneno matamu. Nikahisi watoto amewakaririsha kwa ajili ya wageni. Nikaondoka nimeazimia Jumatatu mwanao ahame.

Jana nikamtega Naima. Nikapika vitumbua, nikamwambia avipange kwenye sinia, kisha wagawane sawasawa yeye na wanangu wawili. Alipokwenda kunawa nikachukua kimoja, nikakikalia ndani ya khanga. Akarudi, akagawa kimoja kimoja. Sahani yake ikapungua. Nilidhani atalia, au atakula tu yaishe. Akahesabu upya sahani zote, anagusa kwa kidole.

"Vilikuwa tisa," akasema.

Akawaamuru wenzake wafumbue vinywa, akachungulia. Kisha akanigeukia mie, macho makavu kabisa.

"Mama mkubwa, hebu inuka."

Nikainuka, dada yako mtu mzima, na kitumbua kimesagika.

Sijamhamisha, na simhamishi. Mwalimu bado namtupia jicho, lakini mwanao anajua kuhesabu.

Shemeji yako Nassibu anakusalimu sana, pamoja na wanangu, na shangazi wa Vingunguti anakuombea dua kila swala. Mwenyezi Mungu akupe afya, akurejeshe kwetu salama. Ukija na zawadi zigawe vizuri, mdogo wangu. Humu ndani kuna mtu atakuambia uinuke.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Munira