Sehemu ya Paluku kando ya mto

Beni, mtaa wa Mulekera

Mama yangu mpenzi,

Goti lako linaendeleaje? Na ile chai ya majani uliyopewa na jirani, bado unainywa au umeshaimwaga nyuma ya nyumba kama dawa zingine? Nakujua, Mama. Mimi ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikipiga simu unaanza kulia, halafu mtandao unakatika kabla hujanyamaza. Barua hii anakuletea mwanajeshi jirani yangu, anarudi Kalemie likizo. Mpe ndagala wabichi wa ziwani ale ashibe. Wanaofika soko la huku ni wakavu kama mbao, lakini nawanunua hivyo hivyo kwa sababu wana harufu ya kwetu.

Ulisema Mjomba anataka kujenga kwenye kiwanja changu, kwa kuwa eti mimi sirudi tena. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze kazi ya huku.

Kuna mto mdogo unaotoka juu, milima ya upande wa Butembo kwenye baridi, unashuka hadi huku kwetu kwenye joto. Watu wa juu walikuwa wanalima maharage na vitunguu mpaka ukingoni kabisa, na udongo wao wote ulikuwa unakuja kujaa kwenye chemchemi tunayochota maji. Waligombana miaka mingi. Sasa wamepatana: watu wa juu wanaacha ukingo upumzike na wanatuletea miche ya mianzi na matete, sisi wa chini tunaipanda upande wetu. Serikali imeniweka mimi, bwana shamba, niangalie mistari ya miche. Kila Jumamosi ni salongo, kazi ya wote, na kila familia ina sehemu yake ya ukingo. Chef, mkuu wa mtaa, anatembea kando ya maji akiita majina, na kila mtu anaitikia akiwa amesimama kwenye sehemu yake.

Katikati ya mstari kuna sehemu ya mtu anayeitwa Paluku. Alikwenda kwenye shamba lake la kakao karibu na msitu, kule wanakopita watu wenye silaha, na hakurudi. Mwili haukuonekana. Chef anapofika pale bado anaita, "Paluku!" na mke wake, Masika, anajibu, "Eko mu njia," kwamba yuko njiani. Chef anapita. Mara ya kwanza nilifikiri mtu amechelewa tu. Nikamngoja, Mama! Nikasimama pale na miche yake mkononi, na watu wote wakawa wanaangalia chini.

Sehemu ile ilibaki udongo mtupu. Nikawaambia majirani zake wawili waigawane. Wakakataa, na mmoja akanivuta pembeni.

"Monsieur agronome, ile fasi hatuigusake. Ukilima sehemu ya mutu mwenye hajarudi, ni sawa umemuzika. Lakini mwili iko wapi?"

Basi mvua kubwa ikanyesha. Maji yalipita pale pale palipokuwa wazi, yakang'oa mianzi ya majirani wa chini yake, na chemchemi ikajaa tope tena. Watu wa Butembo wakashuka kuona. Mama mmoja aliyewaongoza alikasirika sana. "Sisi tuliacha mashamba yetu, donc munataka tulete miche ya kubebwa na maji? Muzibe hii fasi, ao tunaachia hapa." Masika alikuwa amesimama pale, na hakuna aliyethubutu kumwangalia. Mimi nilimwonea huruma na nikamkasirikia vilevile, nakwambia kweli.

Kesho yake asubuhi akaja kwangu na jembe la mume wake.

"Weye uko mugeni," akasema. "Hauna ndugu huku, hauna kaburi huku. Mukono yako haiwezi kumuzika. Umulimie tu, mpaka arudi."

Nikalima. Mpini wa lile jembe umelika mahali alipokuwa anashika, na vidole vyangu viliingia mle mle. Nilipanda mianzi yote siku hiyo, Masika amekaa kwenye jiwe. Jumamosi chef akaita kama kawaida, "Paluku!" Nikangoja sauti ya Masika. Nilipogeuka, alikuwa ananiangalia mimi. Wote walikuwa wananiangalia.

Nikasema, "Niko."

Chef akapita kwenye jina lingine.

Tangu siku ile kila Jumamosi naitikia. Mianzi imeshika, maji yameanza kuwa safi, na watu wa Butembo wanaleta miche tena. Ni kazi nzuri, ningepaswa kufurahi. Lakini juzi jirani alinipa kikombe cha kasiksi, pombe yao ya ndizi, bila kuinua macho, akasema, "Kamata, Paluku." Nikapokea. Nikanywa. Yeye hakujisahihisha, wala mimi sikumsahihisha. Masika naye siku hizi haangalii tena njia ya msituni aliyopita mume wake. Hilo ndilo linaloniogopesha, Mama. Nikilima pale nasikia kama kuna mtu amesimama nyuma yangu anangoja jembe lake, na sigeuki.

Nisalimie dada Mwamini na mume wake fundi baiskeli, bibi aliyenilea, na mama katekista wa parokia, mwambie bado nasali.

Na Mjomba msalimie pia. Nimefikiri sana la kumjibu. Asilime kiwanja changu, asijenge, asipande hata muhogo. Majani yaote, majirani wacheke, mimi sijali. Na akikuuliza niko wapi, nakuomba usimwambie kwamba niko njiani. Neno hilo sitaki kulisikia kwa jina langu. Mwambie niko Beni, nakula, nalala, na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Na mtu mwingine akiitikia jina langu, Mama, umkatalie.

Mtoto wako,
Kabwe