Zamu ya Shamba la Baba

Jumatatu, 17 Machi
Saa kumi na nusu alfajiri niko macho. Maji baridi. Malengo matatu ya leo yameandikwa: kulima ekari sita Kiminini kabla ya saa saba, kubadilisha filta ya dizeli, kutokunywa chai ya wateja. Chai inakula saa. Mke wangu, Nanjala, anasema naishi kama niko jeshini. Acha aseme. Miaka mitano iliyopita nilikuwa naendesha trekta ya mtu. Leo ni yangu, na haikuja kwa kulala.

Mawingu yamefunika Mlima Elgon. Mvua iko karibu na simu haipumziki. Ndugu yangu mdogo, Simiyu, amepiga kutoka nyumbani, huko Sirisia. Mzee anauliza trekta itafika lini kumlimia. Nimesema wiki ijayo.

Ijumaa, 21 Machi
Endebess siku tatu mfululizo. Mteja wangu, mwalimu mkuu mstaafu, ameniletea majirani wawili. Hiyo ndiyo faida ya kufika saa uliyosema.

Kwenye semina ya biashara hapa Kitale tulifundishwa: mteja kwanza, jamaa baadaye. Mteja akichoka kungoja ataenda kwa mwingine. Jamaa hana pa kwenda. Nilirudi nikayaandika maneno hayo na kuyabandika kwenye mlango wa kabati. Kabla ya hapo kila binamu alilimiwa wa kwanza na kunilipa kwa asante. Asante haiingii kwenye tangi.

Jumapili, 23 Machi
Mvua ya kwanza. Kanisani sikwenda, nilikuwa nafunga boliti za plau.

Simiyu tena. Sauti yake imebadilika. Kwetu hakuna anayepanda kabla ya mwenye boma. Mzee atie mbegu yake kwanza, ndipo wanawe wafuate. Hata Simiyu, anayecheka mambo ya wazee, hilo hawezi kulivunja. Kwa hiyo shamba la mzee likikaa, na la Simiyu linakaa, na majirani wote wameshaanza. Ametaka kukodi ng'ombe wa kulima. Mzee amekataa. Ati mwanawe mkubwa ana trekta, ng'ombe wa nini?

Nimefurahi, siwezi kudanganya. Mzee anajivunia mimi. Nimeahidi Alhamisi.

Alhamisi, 27 Machi
Sikwenda. Amejitokeza mteja mpya Saboti, ekari kumi na mbili, na udongo umekubali. Kuipeleka trekta Sirisia ni siku nzima barabarani, kurudi siku nyingine. Yote hayo kwa ekari moja na nusu. Haiingii akilini wakati wa msimu.

Mzee mwenyewe alichukua simu. Nilijiandaa kugombezwa. Akauliza kama trekta ni nzima, akauliza watoto. Halafu akasema: "Maliza kazi ya watu, Wekesa. Mimi si niko tu."

Nikaona amenielewa. Nikarudi kazini.

Jumatatu, 31 Machi
Saboti tumemaliza. Lengo la kwanza leo lilikuwa kupiga simu nyumbani. Sikupiga. Niliona haya.

Nanjala amenuna tangu asubuhi. Alisema nimemweka baba yangu nyuma ya watu ambao hata majina yao kamili siyajui. Nilimjibu vibaya sana, mbele ya watoto. Alikuwa anasema kweli, ndiyo maana nilikasirika.

Nimewaambia wateja wawili wangoje. Ijumaa naenda Sirisia, na safari hii sirudi nyuma.

Jumatano, 2 Aprili
Nilikuwa juu ya trekta. Sikusikia simu. Nilipozima injini nikakuta Simiyu amenipigia mara saba.

Mzee amefariki. Shambani. Alikuwa analima kwa jembe.

Alhamisi, 3 Aprili
Nimefika Sirisia. Nimeambiwa yote, na bora niandike kabla sijaanza kuyapunguza.

Alianza Jumatatu. Alitoka mapema Simiyu akiwa bado amelala, akarudi akaosha jembe na kulirudisha mahali pake. Mama alipomuuliza, alisema anafungua kipande kidogo tu, atie mbegu, Simiyu apate ruhusa ya kupanda. Akamkataza asimwambie mtu. Watu wasije wakasema Wekesa amemtupa baba yake. Miaka sabini na sita. Jana saa mbili hivi Mama alimpelekea uji akamkuta amelala kwenye matuta. Daktari anasema ni moyo.

Mama hajanilaumu. Ameniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 12 Aprili
Tumemzika. Hema kubwa, ng'ombe wawili, vipaza sauti kutoka Bungoma. Yote nimeyafanya mimi na yote yalikwenda kwa saa. Mwenye kuongoza shughuli alinisimamisha mbele ya watu. Akasema vijana wanione mimi, mtu aliyetoka bila kitu, mtu wa nidhamu, mtu anayetimiza ahadi. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Simiyu hakupiga makofi. Hakunitazama pia.

Namchukia yule mtu anayeamka saa kumi na nusu. Nilimtengeneza mwenyewe, siku baada ya siku, na alikuwa anafanya kazi vizuri kabisa.

Jumanne, 15 Aprili
Siku ya tatu tangu mazishi. Tumenyolewa nywele, familia yote. Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa mzee, alizungumza kidogo. Alisema shamba la marehemu lisibaki hivyo. Mkubwa wa wanawe ndiye atakayetia mbegu, wengine wafuate. Akaniangalia. Nikakubali kwa kichwa.

Mteja wa Endebess amepiga. Nimemwambia atafute trekta nyingine.

Jumatano, 16 Aprili
Tumeshuka shambani mimi na Simiyu, umande bado upo. Alichofungua mzee ni kipande kidogo, upana wa jikoni kwa Mama. Amekilima kwa kina na kukisawazisha vizuri.

Upande wa barabara ua umekatwa. Nguzo zimeng'olewa zikapangwa chini, na mwanya ulioachwa unatosha lori. Mawe yote ya shamba yamekusanywa pembeni, mengine makubwa hata mimi singeyainua peke yangu. Nimemuuliza Simiyu ni kazi ya nani. Amesema mzee, wiki ile niliyoahidi Alhamisi. Hakutaka trekta ikwaruzwe ikiingia.

Nililia pale pale. Simiyu aliniacha nilie, kisha akanipa mkebe wa mbegu.

Nimepanda kipande chote kwa mkono. Mbegu mbili kila shimo, kufunika kwa mguu, hatua moja, shimo jingine. Sikuharakisha na sikutazama saa. Simiyu alisimama ukingoni mwa shamba lake, mbegu zake mkononi, akiningoja nimalize.