Aliyemvusha Nyanya

Baraka, tarehe 21 Oktoba 1956

Kwa dada yangu mpenzi Adolphine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, wewe na shemeji mko wazima huko Kazimia? Na mtoto, ameacha kukohoa? Hapa Mama amejifungua salama, mtoto wa kike, ila bado hatoki nje. Mimi naendelea na masomo, ingawa juma hili sikuandika imla hata moja bila makosa, kwa sababu moyo wangu hautulii.

Bila shaka watu wa mashua wamekwisha kukuambia kwamba daraja letu la mbao linabomolewa, na kwamba Fabien, yule kijana mcheshi wa kikosi cha barabara, alimvusha Nyanya mgongoni. Habari ya daraja ni kweli. Ya Fabien niliisema mimi, na si kweli.

Papa ni mmoja wa wanaolibomoa. Unakumbuka alivyokuwa akifanya alipokutana na Nyanya pale katikati: aligeukia mto, akashika ukingo, akatazama maji mpaka mama mkwe wake apite. Nyanya naye alijifunika uso kwa kitenge na kupita upande wa pili. Daraja lile lilikuwa pana, liliwatosha wote wawili pamoja na heshima yao.

Jumamosi ya juma lililopita Mama alinituma ng'ambo nimlete Nyanya hospitali ya misheni, maana alikuwa na homa na kifua kilimbana. Hakuweza kusimama mpaka Jumatatu. Jirani yake Marthe alinisaidia kumshika hadi mtoni, nasi tukakuta mbao zote zimeng'olewa. Zilibaki boriti mbili tu, na chini yake mto umejaa, mwekundu kwa udongo. Mwenye mtumbwi alikuwa ameuvuta nchi kavu.

Kapita Roger, msimamizi wa kikosi, alitupigia kelele turudi, akisema yeye analipwa kubomoa daraja, si kuvusha wazee. Nililia, nikawaomba wanaume waliokuwa ng'ambo. Fabien alijibu kwamba hata mbuzi mwenye akili hawezi kupita pale, na tena mama huyu akianguka, ukoo mzima utakuja kumdai yeye. Watu wakacheka kidogo.

Ndipo Papa akaweka nyundo chini, akaja juu ya boriti.

Nyanya alikuwa amefunikwa kichwa ili asione maji. Papa alipoinama mbele yake, aliniangalia akaweka kidole mdomoni. Nyanya akauliza ni nani huyu. Nikasema ni Fabien.

Njia nzima alimsifu. Alimwambia: mama yako alizaa mwanaume kweli, si kama mkwe wangu mimi, iko pale anang'oa mbao, hata hajauliza kama niko hai. Papa hakujibu neno, kwa kuwa angetambuliwa kwa sauti. Nilitambaa nyuma yao nikiona jasho likimtiririka shingoni. Wanaume wote walitazama pembeni, kama watu waliomkuta mtu mzima akioga.

Nyanya alilazwa, na Sista Suzanne anamchoma sindano kila asubuhi. Papa aliniamuru ninyamaze mpaka apone. Alisema Nyanya akijua sasa, aibu itamwondoa kitandani, naye hana pa kupita kurudi kwake. Wazee wa upande wa Papa wanataka atoe mbuzi kwa kumgusa mkwe wake. Siku hizi anakula peke yake nyuma ya nyumba. Lakini Nyanya hakuacha kumwita Fabien. Kijana alikuja siku moja, akasimama dirishani, akashindwa hata kutania. Halafu Nyanya akamwomba padri amtaje Fabien kanisani Jumapili ijayo, mbele ya watu wote.

Dada, leo baada ya misa nimevunja amri ya Papa. Nilipiga magoti karibu na kitanda nikamwambia Nyanya yote. Kwanza aliuliza nani mwingine aliona. Nikasema kikosi kizima. Kisha akauliza kama wanaume wote wale walikuwa wamesimama tu, na aliyekuja juu ya boriti ni mkwe wake peke yake. Nikasema ndiyo. Akavuta shuka mpaka kichwani na kusema Papa asikanyage hospitali. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti yake chini ya shuka, akiongeza: mpaka nimwite mimi mwenyewe.

Tafadhali njoo kwa mashua ya kwanza. Wawili hao hawawezi kusemezana bila mtu mzima kati yao, na Mama haruhusiwi kutoka, nami ni mtoto. Papa bado hajui. Nitamwambia jioni hii, kabla hajachukua sahani yake kwenda nje. Sijui kama atanipiga. Nitaanza na lile neno la mwisho la Nyanya.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mama anakukumbuka kila akimnyonyesha mdogo wetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Florentine