Tundu la Kidole Gumba

Dar es Salaam, 4 Agosti 2024

Baba,
Shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Ule mchezo wa kuvingirisha tufe kuangusha pini kumi una mashindano Septemba, na mshindi anaajiriwa kuwa mwalimu papa hapa ukumbini ninapofagia. Wenzangu wana matufe yao, yametobolewa matundu ya kushikia kwa kipimo cha vidole vyao. Mimi naokota ya wateja, gumba linapwaya tunduni, tufe linakwenda linakotaka. Shabaha ninayo, baba. Kifaa sina. Nisaidie, nitaumbuka.
Mwanao, Mahona

Puge, 16 Agosti 2024

Mwanangu,
Marahaba. Mama yako anatembea, anakusalimu. Hivi wewe! Sisi kwenye mashindano ya ngoma tuliwagaragaza watu wa Choma kwa ngoma mbovu za kuazima. Ufundi uko mkononi, si kwenye tufe. Lakini mama yako hali, analia tu, basi nimeuza maksai mmoja. Aliyebaki hawezi kuvuta jembe peke yake, kwa hiyo ukishindwa, msimu huu hatulimi. Mjomba wako Revocatus analeta hela, pamoja na samba, dawa yetu ya kushindia ngoma. Usimkatalie.
Baba yako

Dar es Salaam, 22 Septemba 2024

Baba,
Shikamoo. Poleni na jua. Tufe nilinunua, fundi akalitoboa kwa kipimo changu. Jamani, raha! Pini zilikuwa zinalala zote. Kisha mjomba akafika, akagoma kuondoka mpaka anichanje hiyo samba kwenye gumba. Nikamwambia mimi Mkatoliki, akasema hata baba yako ni Mkatoliki. Sasa gumba limevimba, tundu halilipokei. Nimepaka sabuni, nimesukuma mpaka machozi. Mashindano ni Jumamosi. Nifanyeje, baba?
Mwanao, Mahona

Puge, 25 Septemba 2024

Mahona,
Salamu baadaye. Nenda hospitali leo hii! Achana na tufe, achana na maksai. Nilikucheka kwa kutegemea kifaa, kumbe na mimi nikakutumia changu. Mama yako sijamwambia, naogopa hata kumtazama. Jibu upesi.
Baba yako

Dar es Salaam, 13 Oktoba 2024

Baba,
Shikamoo. Usishangae mwandiko, anaandika jirani yangu Levina, maneno ni yangu. Barua yako ilifika Jumatatu, mashindano yamekwisha. Nilimfikiria yule maksai mmoja, nikalishindilia gumba tunduni. Liliingia, kutoka likakataa. Tufe lilikwenda nalo, likanivunja. Hospitali wakakuta usaha umeshafika kwenye mfupa, wakalikata.
Tufe nimelirudisha kwa fundi anirudishie chochote. Hataki. Anasema limetobolewa kwa mkono wangu, halimfai mtu mwingine.
Ukumbini wameniambia nisirudi. Mtaniita nyumbani, najua, na mvua ziko karibu. Lakini baba, maksai hawapo wawili, ni jembe la mkono tu. Nitalishikaje?
Mwanao, Mahona