Kerubo, Miaka Yako Imefika Kortini

Kerubo wangu mdogo,

Nilikuwa nakubeba mgongoni Mama akichuma majani chai, na nikisimama kidogo tu unaning'ata bega. "Twende!" Siku uliyozikwa hapa kwetu Birongo, nyuma ya nyumba, kwa migomba, niliuliza nani atakufunika usiku.

Halafu akazaliwa mwingine. Mama alimwangalia usoni akasema, "Kerubo amerudi." Akampa jina lako, akamvisha gauni lako, na tangu hapo ikawa mwiko kusema ulikufa. Jirani akiuliza umri wake, Mama anaanza kuhesabu kutoka kwako. Nami nikamwita hivyo. Lakini macho hayakuwa yako. Na akilala kando yangu, kuna siku nilisikia pumzi za watu wawili.

Sasa bweni la shule yao limechomwa, naye ni mmoja wa walioshikwa. Anasema hakuwasha kiberiti. Namwamini. Wakili ameniambia akiwa chini ya miaka kumi na minane, kesi inaenda korti ya watoto. Akizidi hapo, atahukumiwa kama mtu mzima na afungwe na watu wazima. Cheti cha kuzaliwa hana, na Mama ameshakufuata huko.

Mzee wa mtaa akaulizwa umri wake kortini. "Kerubo namjua. Alizaliwa mwaka ule mvua ya mawe ilimaliza majani chai. Huyo ni mtu mzima."

Hakudanganya. Ni wewe alikuwa anakuona pale kizimbani. Hata mimi niliona kama mmesimama wawili.

Nikainuka. "Walikuwa wawili, mheshimiwa."

"Huyo mwingine yuko wapi?"

"Kwa migomba."

Mama mmoja nyuma akacheka. "Wee! Sasa maiti aletwe atoe ushahidi?" Hakimu akamnyamazisha, akaagiza daktari aangalie meno na mifupa ya mkono, ndipo aamue ni korti gani.

Nimekuja kukaa hapa kwako, nikimnyonyesha mtoto wangu. Natumaini daktari ataona kile ninachokijua: mdogo wetu bado ni mtoto. Nisamehe nimekuzika tena, mbele ya watu, bila Mama. Tulikulazimisha ukue miaka hii yote na wewe ulishachoka.

Chukua miaka yako, Kerubo. Usimwachie mdogo wetu hata mmoja. Usikue tena, lala.

Ni mimi,
dada yenu nyote wawili